Kabati kubwa la vitabu lenye milango, namna ya kulitengeneza hapa Dodoma lisipasuke wala kubonyea

Mbukwenyi wadau. Leo nataka nieleze kwa kirefu namna ya kutengeneza kabati la vitabu, lile kubwa la kufunika ukuta, lenye milango, maana hapa Dodoma kuweka vitabu kwenye shelfu ya wazi ni kuviua taratibu. Vumbi la hapa mnalijua wenyewe, unafuta meza asubuhi, saa saba mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Kwenye kitabu linakaa kule juu kwenye ukingo wa kurasa, ukikifungua linashuka ndani, ikija mvua ya mwezi wa kumi na mbili likipata unyevu kidogo tu linakuwa doa la kahawia na halitoki tena.

Kwanza niwaambie nililijuaje jambo hili. Nilihamia huku mwaka 2019, wakati wengi tunahama kufuata ofisi, nikaja na kabati la mbao ngumu nililolitengenezesha Dar, kabati zuri kabisa, milango ya paneli, limenyooka, kila aliyeingia ndani alilisifia. Lilifika mwezi wa tano. Mwezi wa tisa usiku nimelala nikasikia mlio sebuleni kama mtu kavunja kijiti kikavu kwa goti, asubuhi naangalia naona paneli ya mlango wa kulia imepasuka toka juu mpaka chini, ufa unaingiza ukucha. Wiki mbili baadaye na wa kushoto nao ukapasuka.

Sababu ni hii, na ukiielewa hii nusu ya kazi umeimaliza. Mbao hata ikauke vipi haiachi kunywa na kutoa unyevu wa hewa. Pwani hewa ina maji mengi, mbao inavimba inatulia hivo hivo. Huku kwetu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja ni ukame mtupu, na mvua yenyewe ya mwaka mzima kwa wastani haifiki hata milimita 600, kwa hiyo mbao ikija inatoa maji na kusinyaa. Na inasinyaa kwa upana tu, urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Sasa ile paneli yangu fundi aliipiga gundi pande zote nne kwenye fremu, ikataka kusinyaa ikakosa pa kwenda, ikajipasua. Kwa hiyo karibu kila ninachoelekeza hapa chini kimetokana na ule ufa.

Usianze na mbao, anza na uzito

Mafundi wetu wengi ni wazuri sana lakini ukimwambia kabati anakuwekea akilini kabati la vyombo au la nguo. Vitabu ni kitu kingine. Mita moja ya shelfu ikijaa vitabu vya kawaida inabeba kilo 20 mpaka 30, na vikiwa vile vikubwa vya sheria au vya picha inapita hapo. Kabati ninaloeleza hapa lina nafasi 18 za karibu sentimita 76 kila moja, likijaa ni vitabu kama 450 hadi 500 na mzigo wake unakaribia kilo 400 bila kuhesabu mbao zenyewe, yaani mifuko 8 ya saruji imesimama ukutani kwako.

Ndio maana urefu wa shelfu toka sapoti moja mpaka nyingine ni jambo la kwanza. Mi nakushauri usivuke sentimita 76 kwa mbao ya inchi moja iliyorandwa. Watu wanapenda shelfu ndefu ya mita moja na zaidi kwa sababu inapendeza ikiwa tupu, lakini hesabu yake ni kali: kwa mzigo ule ule wa kila mita, ukiongeza urefu mara moja na nusu kubonyea kunaongezeka mara tano. Sio mara moja na nusu, mara tano. Na MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ndio usiiguse kabisa kwa shelfu, inabonyea kama mara tatu ya mbao halisi ya unene huo huo, afu ikishabonyea hairudi.

Vipimo

Usichore kabati kubwa moja. Chora masanduku sita, matatu ya chini na matatu ya juu, kila moja upana sentimita 80, ukiyapanga unapata ukuta wa mita 2 na sentimita 40. Faida yake unayabeba wawili, yanapita mlangoni, na siku ukihama nyumba ya kupanga huliachi wala hulikati.

Masanduku ya chini yawe na urefu wa kwenda juu sentimita 75 na kina sentimita 42. Ya juu yawe sentimita 120 na kina 28. Hizo namba sijaziokota hewani. Mbao ya inchi 1 kwa 6 ukishairanda na kunyoosha kingo inabaki na upana wa sentimita 14 na kitu, mbili ukiziunganisha ni 28, tatu ni 42, kwa hiyo hukati wala kutupa. Na ile 120 ni kwa ajili ya mgongo: vipande vitatu vya 80 kwa 120 vinatoka kwenye plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 karibu bila kubakiza kitu, ukijifanya unataka 130 utanunua plaiwudi tatu badala ya moja. Kitako cha chini sentimita 10, kofia ya juu sentimita 5, jumla unasimama kwenye mita 2 na sentimita 10.

Kwa kuwa la chini limetokeza mbele sentimita 14 kuliko la juu, unapata kama kibaraza cha kuwekea kitabu wakati unatafuta kingine, hicho kibaraza utakipenda kuliko kitu chochote kwenye hilo kabati.

Ndani ya sanduku la juu weka shelfu tatu, unapata nafasi nne za sentimita 27 na nusu, vitabu vingi vinaingia wima bila shida. La chini shelfu moja tu, nafasi mbili za 34 na nusu, hapo yanakaa mafaili makubwa, atlasi, magazeti ya zamani na vitabu vya A4.

Mbao

Kwa masanduku tumia paini, ile inayotoka Sao Hill kule Mufindi na mashamba ya jirani, inapatikana, ni nyepesi na inarandika. Kwa milango na kitako, mfuko ukiruhusu, tumia mninga. Mninga ni katika mbao zinazosinyaa kidogo sana, na kiini chake mchwa hawakipendi. Ila mninga ni mti wa porini, nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na mzigo wake una nyaraka za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), usije ukanyang'anywa kwenye kizuizi cha maliasili kwa sababu ya bei ya kificho.

Kwa vipimo hivi mi nilipiga hesabu ya 1 kwa 6 za futi 12: masanduku na shelfu zake mbao 24 pamoja na za kupotea, fremu za milango 6, paneli za milango ya chini 3, kitako na kofia na midomo ya shelfu 4. Jumla 37, chukua 40 maana tatu lazima zikusaliti.

Kuchagua, shika ubao kichwa kimoja uuangalie kwa jicho moja kama unalenga shabaha, ukiona umejikunja kama propela urudishe, ule wa kupinda kidogo tu upande mmoja unanyooka kwenye randa ila wa kujisokota haunyooki. Angalia pia kichwani pale ilipokatwa, ukiona kidoti cheusi katikati, ule ndio moyo wa mti, ubao wenye moyo utapasuka tu hata umbembeleze.

Kukausha, hapa usiwe na haraka

Paini nyingi ikishushwa kwenye lori bado mbichi, ukipigilia msumari unaona maji yanachungulia pembeni yake. Muuzaji atakuambia "hii kavu mkuu, kavu kabisa", usibishane naye, nenda kapime mwenyewe.

Nilivyofanya mimi: nilikata kipande cha futi moja katikati ya ubao, sio kichwani maana kichwani kunakauka mapema kunakudanganya, nikakipaka rangi ya mafuta kwenye vichwa vyake viwili ili kikauke kwa pembeni kama ubao mrefu unavyokauka. Afu nikakipeleka kwa mama wa duka la mtaani kwetu mwenye mzani wa kupimia sukari. Wiki ya kwanza gramu 712, nikaandika kwa penseli pale pale juu ya kipande. Wiki ya pili 655, halafu 621, halafu 604, 598, na wiki ya sita 597. Namba ikikataa kushuka ndio mbao imelingana na hewa ya Dodoma, hapo sasa unaweza kukata. Yule mama ikafika mahali akawa ananiuliza yeye mwenyewe, baba, kile kijiti chako leo hujaleta?

Wakati huo mbao zenyewe zipange kwenye kibaraza kivulini, sio juani, chini weka matofali, kati ya kila safu weka vijiti vya inchi moja kila baada ya sentimita 60 na vijiti viwe vimesimama juu ya vijiti, sio huku na kule, la sivyo mbao zinakauka zikiwa na mawimbi. Juu kabisa weka mawe au tofali za uzito. Paini kiangazi inachukua wiki sita hadi nane, mbao ngumu ina mwendo wake wa miezi, hiyo nunua mapema kabisa au nunua iliyokaa.

Kuunganisha mbao kuwa pana

Randa mbao zote zibaki milimita 20, kwenye mashine ni kazi ya asubuhi moja. Kingo za kuunganisha zinyooshwe mpaka ukizisimamisha moja juu ya nyingine ukaangalia upande wa jua usione mwanga unapita. Gundi ya kawaida nyeupe ya mbao inatosha, kiungo kikiwa safi ni kigumu kuliko mbao yenyewe, lakini gundi haijazi gepu, ukitegemea gundi ijaze gepu umekwisha.

Kingine, hapa joto na ukavu vinaikausha gundi fasta sana, ukipaka saa nane mchana unafika ubao wa tatu ule wa kwanza ushaanza kushika. Fanya saa moja asubuhi. Kama huna kleampu za kutosha, gongea vipande viwili vya mbao juu ya meza, weka mbao zako katikati, piga kabari mbili zinazokutana, zinabana vizuri tu. Acha mpaka kesho yake ndio urande tena na kupiga msasa.

Masanduku

Mbavu za sanduku zichimbiwe mfereji wa kina cha milimita 7, upana sawasawa na unene wa shelfu, pale itakapokaa juu, chini, na shelfu ya katikati. Hiyo shelfu ya katikati usiifanye ya kuhamishika, yenyewe ndio inazishika mbavu zisifunguke. Kwa hesabu, upana wa ndani ni sentimita 76, kwa hiyo ubao unaoingia kwenye mifereji kata sentimita 77 na milimita 4. Shelfu mbili zilizobaki zikae juu ya vibao vya kubebea vilivyofungwa kwa skrubu, hizo kata 75 na milimita 8 ziingie bila kulazimisha.

Usitegemee skrubu peke yake bila mfereji. Mfereji ndio unabeba uzito, skrubu na gundi kazi yake ni kuzuia visiachane tu.

Ukishafunga sanduku kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona, kutoka juu kushoto mpaka chini kulia, afu kinyume chake. Namba mbili lazima zilingane. Zikipishana hata milimita tatu sukuma ile kona ndefu mpaka zilingane, halafu ndio upige mgongo wa plaiwudi ya milimita 6, mgongo ndio unalifungia sanduku lisiyumbe tena maisha yake. Guniya, kile kipimo cha kona, inaweza kukudanganya kwenye kitu kikubwa hivi, kona kwa kona haidanganyi.

Mbele ya kila shelfu gundisha mdomo, kibao cha upana wa sentimita 4 kilichosimama wima kikining'inia kidogo chini ya shelfu. Kinaongeza nguvu kuliko unavyodhani, maana ugumu wa mbao unakwenda na kusimama kwake kuzidishwa kwenyewe mara tatu, ukikuongeza mara mbili inakuwa ngumu mara nane (2 x 2 x 2). Ila kumbuka kukata shelfu yenyewe nyembamba kidogo ili mlango ufunge.

Milango

Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu. Milango ipo 12, sita ya juu ya kioo na sita ya chini ya paneli. Mi sishauri kioo chini, watoto wana mpira na wewe ukifagia fagio linagonga.

Fremu za milango kata kwa upana wa sentimita 6 na nusu, chagua zile mbao zilizonyooka kuliko zote, hizi zitenge tangu siku unanunua uziandike MLANGO. Viungo ni ulimi na tundu, ulimi uwe mrefu sentimita 4 na unene wake theluthi moja ya mbao, yaani milimita 7 hivi. Fremu ya kupigilia misumari kwenye kona baada ya mwaka inalala kwa uzito wa kioo, mlango unaanza kukwaruza kibaraza. Ukibana fremu na gundi iweke juu ya meza iliyo sawa kabisa, pima kona kwa kona, na kama kleampu hamna tumia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokatwa kamba ndefu, unauzungusha kwa kuuvuta, unabana kila upande kwa nguvu moja.

Sasa paneli. Ndani ya fremu chimba mfereji wa kina cha sentimita moja kuzunguka pande zote. Paneli yako iunganishe mbao mbili, kingo zake uzirande zipungue mpaka ziingie kwenye mfereji kwa mkono bila kugongwa. Upana wake uwe mdogo kuliko mfereji kwa milimita 3 kila upande. Usiweke gundi kwenye paneli, hata tone. Kama gundi ya kiungo cha fremu imechuruzika ikagusa kona ya paneli, ifute hapo hapo kwa kitambaa chenye maji. Ukimaliza, shika paneli kwa viganja viwili uisukume, ikicheza kidogo kushoto na kulia ndio sahihi, fundi mwingine atakuambia hii imelegea, mwambie ndivyo inavyotakiwa iwe.

Na jambo dogo ambalo wengi wanalisahau: paka paneli rangi na vanishi mpaka kwenye kingo zake kabla hujaifungia ndani ya fremu. Ukisubiri upake mlango ukiwa umeshaungwa, kiangazi paneli ikisinyaa inatoa mstari mweupe wa mbao isiyopakwa, unaonekana kutoka mlangoni, na huwezi kuufikia kwa brashi.

Kwa milango ya kioo, fremu ichimbiwe ngazi upande wa ndani, kioo kikae hapo kibanwe na vijiti vyembamba vilivyopigiliwa kwa misumari midogo bila gundi, siku kikivunjika unang'oa vijiti unaweka kingine. Kioo cha milimita 4 kinatosha. Usiagize kioo kwa vipimo vya kwenye karatasi, subiri fremu zote ziishe, pima kila moja, toa milimita 3 kwenye urefu na 3 kwenye upana, na uandike namba kwenye kila fremu na kila kioo. Uzito wa kioo hicho ni kilo 10 kwa mita ya mraba, mlango wetu unachukua karibu kilo 3 za kioo, kwa hiyo milango ya juu weka bawaba tatu, ya chini mbili zinatosha.

Skrubu za bawaba toboa kwanza kwa drili ndogo, halafu sugua skrubu kwenye sabuni ya mche, inaingia laini na haikatiki kichwa, hasa kwenye mninga. Gepu kati ya milango miwili liwe milimita 3 kama unatengeneza kiangazi, maana mbao hapo iko kwenye udogo wake wa mwisho na masika itavimba. Kupata milimita 3 kwa haraka panga kadi nne za plastiki, za benki au za NIDA, zipitishe kwenye gepu, zikipita zote nne bila kusukuma uko fiti. Afu nyuma ya mlango mmoja pigilia kibao chembamba kinachofunika lile gepu kwa ndani, bila hicho vumbi linaingia kama hujafunga mlango. Kuzunguka fremu unaweza kubandika ile sponji nyembamba ya kuzuia upepo milangoni, bei yake ndogo na kazi yake unaiona mwezi wa nane upepo ukianza.

Kupaka

Msasa namba 100, halafu 150, halafu 220, siku zote kufuata mwendo wa nyuzi, ukikatisha nyuzi mikwaruzo inajitokeza vanishi ikishapigwa. Futa kwa kitambaa kibichi kidogo, piga sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi), msasa mwepesi, halafu vanishi mikono miwili au mitatu. Nyuma na chini napo paka, hata kama hakuna atakayeona, upande mmoja ukiachwa wazi unanyonya unyevu tofauti na mwingine na mbao inapinda.

Upepo wa Dodoma na vanishi mbichi ni maadui. Paka alfajiri kabla upepo haujaamka, mwagia maji ardhi yote kuzunguka, na kama unapakia chumbani funga madirisha ila vaa barakoa ya kuchuja kemikali, ile ya kitambaa haizuii, maana tina ya kuchanganyia vanishi inapanda kichwani. Ukimaliza acha milango wazi wiki tatu kabla hujaweka kitabu hata kimoja. Mi niliwahi kuweka siku ya nne, majalada ya plastiki yakagandia kwenye shelfu, kuyabandua yakaacha rangi yake.

Kusimamisha, na habari ya mchwa

Mchwa wa huku anapanda kwenye sakafu yenye ufa, anapita nyuma ya kitu ambako huoni, unakuja kushtuka unavuta kitabu kinakuja jalada tupu, ndani udongo. Kitako kifanye cha mninga, kipake dawa ya mchwa, kikaushe, na ukikalishe juu ya vipande vya vigae ili chini yake upite mwanga. Masanduku yasiguse ukuta, acha sentimita 3 au 4. Kila mwezi washa tochi ya simu ulale chini uangalie, ukiona kijia chembamba cha udongo kinapanda ukutani au kwenye kigae, kivunje na utafute kinakotoka siku hiyo hiyo. Usitandike magazeti wala maboksi chini ya kabati, hicho ni chakula.

Weka kitako, pima maji mbele na pembeni, chomeka vikabari mpaka povu likae katikati. Hapo usiridhike na karibu karibu, kitako kikilala milimita 5, milango ya juu inajifungua yenyewe. Panga masanduku ya chini, yafunge kwa skrubu moja kwa jingine kwa ndani, halafu ya juu, nayo yafunge hivyo hivyo.

Kisha funga kabati ukutani, kila sanduku la juu vyuma viwili vya kona, plagi kwenye tofali na skrubu za inchi 3, kati ya kabati na ukuta weka kipande cha mbao iliyopakwa dawa kujaza lile gepu. Hili naomba usiliruke. Tuko kwenye bonde la ufa, Dodoma inatikisika mara moja moja, na hata bila tetemeko mtoto wa miaka mitatu akininginia kwenye mlango wa juu ulio wazi kabati linamfuata. Pia usiliweke ukuta unaopigwa na jua la dirishani, migongo ya vitabu inapauka, nyekundu ndio inatangulia.

Kupanga

Vizito chini, vyepesi juu, anzia pembeni kuja katikati ya kila shelfu. Acha nafasi ya kidole nyuma ya vitabu hewa ipite, na masika fungua milango kwa muda wa saa moja hivi mchana jua likitoka. Baada ya mwezi mmoja kaza skrubu zote za bawaba, zitakuwa zimelegea robo mzunguko, ni kawaida.

Halafu mwezi wa tisa, kama umefanya nilivyosema, chuchumaa mbele ya mlango wa chini uangalie pale paneli inapoingia kwenye fremu. Utaona imejivuta kama milimita moja, rangi ya kwenye kingo imechungulia nje. Ya kwangu ya sasa hivi inafanya hivyo kila mwaka, mwezi wa pili inarudi ndani, na mpaka leo haijapasuka.